BQ isomwe mbele ya wenye mradi

Kati ya karatasi zote zinazotoka katika ofisi za serikali, hakuna niipendayo kama BQ, yaani bill of quantities. Nimeuza vifaa vya ujenzi Changamwe tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na BQ ndiyo karatasi inayoniletea wateja. Ni orodha ya mradi mzima kwa vipimo na bei: msingi uchimbwe kina gani, nondo za milimita ngapi, simiti mifuko mingapi, mabati ya geji gani, ukuta upakwe rangi mara ngapi. Mkandarasi akiingia dukani na BQ mkononi, najua anajenga nini kabla hajaketi. Akiingia bila BQ na kuniambia, "Mama, nipe mabati ya bei nafuu, mradi yang'ae," pia najua.

Vijana kadhaa wa Kwale na Kilifi wameniomba niandike jinsi sisi wakaguzi wa kijamii tunavyofuatilia pesa za kaunti, kwa sababu wanataka kuanzisha makundi yao. Nitaandika niyajuayo. Naanza na shimo la choo, maana linaieleza kazi yenyewe kuliko semina yoyote niliyowahi kukalia.

Choo kilikuwa cha chekechea. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, chekechea ni za kaunti, sawa na zahanati, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za mitaani. Wadi sitaitaja, kwa kuwa suala lake halijafungwa na wapo ambao hawajamaliza kujieleza. Mradi ulikuwa wa madarasa mawili na vyoo vinne. Ukiutazama kwa macho ulipendeza: kuta zimepigwa plasta, mabati mekundu, milango ya chuma imepakwa rangi ya samawati. Wazazi walikuwa wameshapiga vigelegele siku ya uzinduzi.

BQ ilisema shimo liwe la futi 20. Tukachukua kamba ya katani, tukaipiga fundo kila futi moja, tukafunga jiwe mwishoni na kuiteremsha kwenye tundu. Choo kilikuwa hakijaanza kutumika, kwa hiyo jiwe lilipogota tulijua limefika chini. Tukaivuta kamba tukihesabu mafundo kwa sauti, mimi, mama mmoja wa kamati ya shule, na kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama kutazama tu. Kumi na moja. Tukaenda tundu la pili. Kumi na moja na kidogo. Yule kijana akaomba apime mwenyewe tundu la tatu, tukampa kamba, akapata yale yale. Kuanzia hapo hakuwa mtazamaji tena. Hadi leo ndiye anayetupigia simu lori la kokoto likishusha mzigo usiku.

Sasa, mkandarasi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuishia futi 11. Huku kwetu Pwani ukichimba unakutana na mwamba wa matumbawe, na kuuvunja ni gharama. Lakini jambo hilo lina utaratibu wake. Anamwandikia mhandisi wa kaunti, mhandisi anakuja kuona, kipimo kinabadilishwa kwa maandishi, na futi ambazo hazikuchimbwa hazilipwi. Tuliiomba barua hiyo ya mabadiliko. Haikuwepo. Kilichokuwepo ni cheti cha malipo kilichosema futi 20, na chini yake sahihi ya afisa wa umma aliyethibitisha kwamba kazi imekamilika kama ilivyopangwa.

Kwangu mimi uadilifu wa serikali ya mashinani umejaa katika sahihi ile. Watu wakisikia neno ufisadi huwaza mabegi ya pesa na majumba ya Nairobi. Katika wadi, mara nyingi pesa hupotea kwa mtu mmoja kuthibitisha kitu ambacho hakukiona. Anayetia sahihi asiyoistahili amefungua mlango, na wengine wote wanaingilia hapo: mkandarasi, msambazaji, mwanasiasa aliyempeleka mkandarasi, hata sisi wauza vifaa tunaoandika risiti za vitu ambavyo havijatoka dukani. Ndiyo, wapo wenzangu wafanyao hivyo, na nimewaambia usoni mwao.

Niliingia kazi hii kwa kuulizwa bei. Mwaka 2009 shirika la MUHURI, Muslims for Human Rights, lililoanzishwa hapa Mombasa mwaka 1997, lilikuwa linakagua miradi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hapa Changamwe. Vijana wawili wakaja dukani na daftari. "Bi, mfuko wa simiti mwaka jana ulikuwa shilingi ngapi? Na nondo?" Nikawatolea vitabu vyangu vya risiti, tukaketi hadi alasiri. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba bei zangu za zamani zina faida kwa mtu yeyote zaidi ya mhasibu wangu. Kumbe mtu akiwa na karatasi ya mradi upande mmoja na bei halisi ya soko upande wa pili, anaweza kumuuliza mheshimiwa swali lisilokwepeka.

CDF, kwa vijana wasioikumbuka enzi ile, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003: asilimia 2.5 au zaidi ya mapato ya kawaida ya serikali igawiwe maeneo bunge, wakati huo yakiwa 210. Pesa zilikuwa nyingi na karibu kabisa na watu, lakini hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu akuonyeshe rekodi. Ulikuwa unaomba kwa heshima, unaambiwa rudi kesho. Mwaka 2007 MUHURI walikuwa wamewakaribisha wageni kutoka Rajasthan, India, watu wa MKSS, na wakafanya nao ukaguzi wa kijamii Likoni. Hao MKSS ni muungano wa wakulima na vibarua ulioanza mwaka 1990, Aruna Roy akiwa miongoni mwa waanzilishi. Kule kwao vibarua wa miradi ya serikali walikuwa hawalipwi kikamilifu, ilhali vitabu vinaonyesha wamelipwa. Desemba 1994 wakafanya kikao chao cha kwanza cha hadhara, kijiji cha Kot Kirana: orodha za malipo zikasomwa kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya wenyewe. Katika vikao vya namna hiyo yalitajwa majina ya marehemu waliolipwa ujira na ya watu waliohama zamani. Kilio chao kilikuwa "pesa zetu, hesabu zetu". Harakati zile zilichangia India kupata sheria ya haki ya kupata habari mwaka 2005.

Nawataja kwa sababu njia tunayoifuata Pwani imetoka huko, kisha MUHURI wakaiweka katika hatua sita zinazofaa hapa petu. Unakusanya rekodi. Unawafunza wenyeji kuzisoma. Unawaamsha watu mtaani, kwa ngoma, michezo ya kuigiza na vibaraka, ili wajue kuna jambo. Unakwenda kwenye mradi na kupima. Unaitisha kikao cha hadhara. Halafu unafuatilia yaliyoahidiwa. Hatua nne za mwanzo makundi mengi huziweza. Ya tano huwatisha. Ya sita huwachosha, na hapo ndipo kazi nyingi hufia.

Kaunti zilipokuja, kazi iliongezeka. Katiba ya 2010, ibara ya 203, inasema kaunti zote kwa pamoja zipate walau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika mwaka wa fedha 2023/24 mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 385.4 kwa kaunti 47. Hizo ni pesa za dawa, madaraja madogo, mabomba ya maji, na choo kile cha chekechea.

Mwaka 2015 nchi nzima ilipigwa na butwaa iliposikia kwamba kaunti ya Bungoma ilinunua wilibaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja. Mimi nauza wilibaro. Wakati ule, wilibaro nzuri ya mjengo haikufika shilingi elfu 10 dukani kwangu wala kwa jirani yangu. Maafisa walijitetea kwamba hizo zilikuwa za aina maalumu. Watu walicheka sana, michoro ikasambaa, lakini mimi nililala nikiwaza karatasi ya ununuzi ule. Mali ya serikali hainunuliwi na mtu mmoja. Yupo anayeomba, yupo anayetafuta bei, yupo anayeidhinisha, yupo anayepokea stoo, yupo anayelipa. Karatasi ikipita mikono yote hiyo na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei katika duka la karibu, basi tatizo limezidi mwizi mmoja. Ni ofisi nzima iliyozoea kutouliza.

Kuna wanaoniambia kazi hii tumwachie Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Namheshimu sana. Katiba inamtaka akague kila kaunti na kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na ripoti za ofisi hiyo, ambayo Nancy Gathungu ameiongoza tangu 2020, husema mambo mazito bila kuogopa mtu. Msimamizi wa Bajeti naye, Margaret Nyakang'o, hutoa ripoti za robo mwaka zinazoonyesha kaunti gani imetumia kiasi gani kwa maendeleo, kiasi gani kwa safari, na madeni yasiyolipwa yamefika wapi. Somo la kwanza kwa kundi lolote jipya ni kujifunza kuzisoma ripoti hizi. Lakini mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, ripoti inakuja miezi baadaye, halafu iende Seneti au kamati ya bunge la kaunti. Kufikia hapo plasta imeshapakwa juu ya kila kitu. Jirani wa mradi yuko pale simiti ikiwa mbichi. Anaona mchanga wa baharini ukishushwa. Anahesabu mifuko. Hakuna mkaguzi wa Nairobi anayeweza kumshinda kwa hilo.

Kinachomkosesha jirani nguvu ni karatasi. Bila BQ anaona tu mafundi wakijenga. Akiwa nayo anaona bati la geji 32 mahali palipoandikwa geji 28. (Kwa wasiojua: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Wengi hudhani kinyume chake, na wauzaji wabaya hufaidika na dhana hiyo.)

Sasa basi, namna ya kuipata. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Kupata Habari, iliyojengwa juu ya ibara ya 35 ya katiba. Nawasihi mshike mambo machache kuihusu, kwa sababu makarani wengi wa kaunti hawayajui au hawapendi uyajue. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa, ombi lake la mdomo liwekwe kwenye maandishi. Hulazimiki kueleza sababu ya kutaka habari hiyo. Kuomba hakuna ada. Unalipia gharama ya kutoa nakala tu, nayo iwe ya haki. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Akikataa au akinyamaza, una siku 30 kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ijulikanayo kama Ombudsman.

Barua yangu huwa ya nusu ukurasa. Natumia jina la mradi kama lilivyoandikwa kwenye bajeti, na mwaka wa fedha. Kisha naomba vitu kwa majina yake: BQ iliyotiwa sahihi, mkataba, ripoti za ukaguzi wa mhandisi, vyeti vya malipo, na barua zozote za kubadilisha kazi. Ukiomba "habari kuhusu mradi wa choo" utapewa kijitabu chenye picha ya gavana. Ukiomba cheti cha malipo namba fulani, wanajua unajua. Napeleka nakala mbili, yangu inapigwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikionekana vizuri, na siondoki kaunta kabla ya muhuri.

Katika ofisi ya wadi ile, karani alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akaisoma barua, akainua uso. "Mama, hizi si karatasi za watu wa kawaida."

"Ni za akina nani, baba?"

"Ni za ofisi."

Nikamwonyesha ibara ya 35 niliyoichapisha kwa Kiswahili. Akaisoma polepole, akaita mwenzake, wakaisoma wote wawili. Kisha akaigonga muhuri. Sina kinyongo naye hata kidogo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, na tangu siku ile yeye ndiye anayenieleza faili limefika meza ya nani.

Msidhani barua ni kitu kidogo. Khelef Khalifa, mwenyekiti wa MUHURI, na Wanjiru Gikonyo wa TISA, taasisi ya kufuatilia uwajibikaji wa serikali, waliomba mikataba ya reli ya SGR. Hawakupewa. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima habari hizo ni kuvunja katiba na sheria hii hii ya 2016. Novemba mwaka huo serikali mpya ikaanika sehemu ya mikataba hiyo. Hilo lilikuwa suala la serikali kuu na mabilioni ya deni, lakini lilianza na barua ya kuomba, kama yangu ya choo. TISA ndiyo pia iliyokwenda mahakamani pamoja na shirika la CEDGG kupinga sheria ya CDF ya 2013, kwamba wabunge wanatenga pesa na wao wenyewe wanasimamia matumizi. Mahakama Kuu ikakubaliana nao Februari 2015, na Mahakama ya Juu ikaja kuithibitisha hoja hiyo Agosti 2022. Miaka mingi kwa kesi moja, lakini hawakuiacha.

Turudi kwenye kikao cha hadhara, kwa maana hapo ndipo natamani kila kundi lipaelewe.

Tulikifanya uwanja wa shule, siku isiyokuwa ya soko wala ya mazishi, baada ya alasiri ili akina mama wawe wamemaliza shughuli. Mahema mawili, viti vya plastiki, kipaza sauti kimoja. Tuliwaalika kwa barua afisa wa elimu ya chekechea, mhandisi, msimamizi wa wadi, mkandarasi, mwakilishi wadi, chifu. Barua ziliambatana na matokeo ya vipimo vyetu, wiki mbili kabla, ili asije mtu kusema ameviziwa. Hilo nalisisitiza mno. Kundi linalomficha afisa ushahidi hadi siku ya kikao, ili limwaibishe, limevunja uadilifu lenyewe, na siku nyingine hataitikia mwito.

Kanuni zilisomwa mwanzo: hakuna matusi, hakuna kampeni, hakuna kumwita mtu mwizi. Mwanasiasa hafungui kikao. BQ imeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, basi tukaisoma kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, na mama mmoja akairudia kwa Kidigo. Usomaji ule ulichukua muda mrefu na hakuna aliyeondoka. Watu hawachoshwi na hesabu zikiwa zao. Kila mstari ulipofika kwenye kitu tulichopima, aliyekipima alisimama na kueleza alichokiona. Mabati yalikuwa sawa, tukasema ni sawa, na mkandarasi akapigiwa makofi. Milango sawa. Madirisha yalipungua mawili. Tukafika shimoni. Kijana wa bodaboda akasimama na kamba yake yenye mafundo, akaieleza vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi.

Afisa aliyetia sahihi alikuwa amekuja. Nampa heshima yake kwa hilo. Akasema aliidhinisha kwa kuamini ripoti ya msimamizi aliyekuwa chini yake, ana miradi mingi, gari ni moja. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, akaomba kipaza sauti.

"Mwanangu, hatukuiti mwizi. Nakuuliza kitu kimoja. Ulifika?"

Kimya kikapita.

"Sikufika, mzee."

"Ahsante. Sasa tunaweza kuzungumza."

Tangu hapo mambo yakaenda. Ikaandikwa kwamba sehemu ya malipo iliyozuiwa hadi kipindi cha kasoro kiishe isitolewe. Mkandarasi akakubali kurudi kuchimba. Afisa akaahidi kwamba cheti cha mradi wowote wa wadi ile hakitatiwa sahihi bila mtu wa kamati ya mradi kuwepo na jina lake kuandikwa. Wote wakaweka sahihi kwenye karatasi moja, chifu akashuhudia.

Shimo sasa lina futi 17. Walipofika hapo wakakuta mwamba kweli, na safari hii barua ya mhandisi ipo. Madirisha mawili yamewekwa. Kilichobaki ni pesa za futi zile tatu, na swali la nani aliandika ripoti ya kwanza kwamba kazi imekamilika. Tumeliandikia suala hilo kaunti, na tumepeleka nakala kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Sijui watu wengine wanahesabuje ushindi. Mimi nahesabu kwamba watoto wana choo kinachofanana zaidi na kile walicholipiwa, na afisa mmoja anaogopa kuthibitisha asichokiona.

Nina la kusema kuhusu sisi wenyewe, na nalisema kwa moyo mzito kwa sababu nayapenda makundi haya. Posho inatuua. Nimekaa kwenye kumbi za hoteli ambapo uwajibikaji ulijadiliwa siku nzima, na saa ya kuondoka watu wakagombania karatasi ya nauli, wengine wakiandika wametoka Lamu ilhali wametoka Kisauni. Mtu huyo kesho ataenda kumuuliza afisa kuhusu safari hewa? Kundi linalochunga pesa za umma lisome hesabu zake kwenye kikao kile kile, kabla ya kusoma za kaunti. Sisi hubandika bango: mahema kiasi hiki, viti kiasi hiki, mafuta ya gari, nakala, nani ametoa pesa. Na mtu wa kundi akitaka kugombea uwakilishi wadi, ni haki yake ya kikatiba, lakini atoke kwanza, mapema, na atangaze ametoka. Nami sikagui mradi wowote ulionunua hata msumari dukani kwangu. Nimepoteza wateja kwa hilo na sijutii.

Pia nisiwadanganye kwamba kazi hii haina gharama kubwa zaidi. Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, MUHURI na Haki Africa, shirika jingine la haki za binadamu, walijikuta kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Wafanyakazi walikaa bila mishahara. Ilibidi waende mahakamani, na mwishoni mwa mwaka huo Mahakama Kuu ikaamuru akaunti zifunguliwe. Niliwaona watu waliokuwa wakituazima mahema wakianza kutukwepa barabarani. Wakati ule ndipo nilipojua wenzangu wa kweli ni akina nani. Ndiyo maana nawaambia vijana: hesabu zenu ziwe safi kiasi kwamba yeyote akizifungua, usiku au mchana, asipate pa kushika.

Tarehe za kuweka kwenye simu zenu ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Ukitaka choo au zahanati iwemo, sema kabla ya hapo. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na hicho ndicho kipindi cha kudai vikao vya maoni ya umma vifanyike katika wadi yenu badala ya ukumbi wa mjini. Bajeti inapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni. Mradi usiokuwemo katika karatasi hizo mkauona unajengwa, ulizeni umetoka wapi.

Anzeni na mradi mmoja mdogo ulio karibu na kwenu, unaoweza kupimwa kwa kamba na futikamba: kisima, choo, darasa, daraja la miguu. Msianze na hospitali ya rufaa. Andikeni barua, chukueni muhuri, hesabuni siku 21. Na BQ ikija mkakuta vipimo msivyovielewa, ipigeni picha kurasa zote, pamoja na zile za mwisho zenye bei, mnitumie. Nikishafunga duka jioni, tutaisoma pamoja kwa simu hadi iishe.